Kamera Iko Upande Gani wa Mlango?

Tangu Januari 2026, filamu ya wanyonya damu ya Ryan Coogler, Sinners, ilipoteuliwa mara 16 kuwania tuzo za Oscar, watu wengi ninaowafahamu hapa Lubumbashi wamekuwa wakishangilia kama waliorudishiwa mali yao. Hakuna filamu iliyowahi kufika idadi hiyo. Kabla yake rekodi ilikuwa 14. Tena ni filamu ya kutisha, aina ambayo wapiga kura wa Oscar wameipita pembeni miaka nenda miaka rudi, na waliobeba hadithi yake karibu wote ni watu weusi. Furaha hiyo naielewa na sitaki kuizima. Ninachopinga ni maelezo yake. Watu wanasema: sasa na sisi tumeonekana. Lakini katika filamu za mizimu na majini tulionekana siku zote. Mwafrika alikuwemo tangu mwanzo, akipiga ngoma gizani, akimfasiria mzungu laana, akifa kabla hadithi haijakolea. Kinachostahili kuulizwa ni hiki: ndani ya filamu, nani anajua kwamba mzimu ni kitu gani, na je, neno lake linasikilizwa? Hofu inayotuketisha kitini ni hofu ya nani, na inamnyooshea kidole nani? Mimi naamini uwakilishi katika sinema hizi uko hapo. Idadi ya nyuso ni hatua ya kwanza, na sisi wa Kongo tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kutoishia kwenye hatua hiyo, kwa maana hapa kwetu neno "mlozi", yaani mchawi, halibaki kwenye kioo cha televisheni.

Tuanze na zombi, kwa kuwa huyo ni ndugu yetu aliyepotea. Wataalamu wengi wanalihusisha jina lake na Kikongo. Wengine wanalitoa kwenye nzambi, wengine kwenye nvumbi, yaani mfu au roho yake. Lilivuka bahari ndani ya matumbo ya meli za watumwa na kufika kisiwa ambacho leo kina Haiti, mahali ambapo sehemu kubwa sana ya watumwa wa mwisho kuletwa kabla ya mapinduzi ya 1791 ilitoka pwani ya Kongo. Huko zombi akawa na maana ambayo mtumwa yeyote angeielewa bila kufundishwa: mtu aliyekufa lakini kazi yake haijaisha, bwana anaendelea kumtumikisha hata baada ya kaburi. Hofu ya zombi haikuwa kwamba ataniuma. Ilikuwa kwamba nitakuwa yeye. Sasa angalia Hollywood ilivyolipokea jina hilo. Filamu ya kwanza ndefu ya mazombi, White Zombie, ilitoka mwaka 1932, wakati askari wa Marekani walikuwa bado wameikalia Haiti, ukaliaji uliodumu kuanzia 1915 hadi 1934. Ndani yake kuna tukio moja ambalo nimelitazama mara nyingi kuliko filamu nzima: kiwanda cha sukari, usiku, wafu wanasukuma mashine ya kusagia miwa. Mmoja anateleza na kutumbukia ndani ya mashine. Wenzake hawageuki, gurudumu linaendelea kulia. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya zombi, iko pale, imeonyeshwa kwa sekunde chache, na hakuna hata mmoja wa wafanyakazi wale mwenye jina. Kisha filamu inawaacha kiwandani na kurudi kwenye jambo inaloliona la maana: bibi harusi wa kizungu yuko hatarini. Kwa hiyo nyuso nyeusi zilikuwepo, imani ya Kiafrika ilikuwepo, hata jina la Kikongo lilikuwepo. Kilichonyang'anywa ni haki ya kuogopa. Walioibeba hofu hiyo kwenye minyororo waligeuzwa kuwa kitu cha kuogopwa na wengine.

Mtindo huo haukufa na filamu hiyo. Hata mwaka 2004, Hollywood ilipotaka kueleza shetani wa hadithi yake maarufu ya kupunga pepo alianzia wapi, ilimzika chini ya kanisa katika nchi ya Waturkana, Kenya. Padre ni mzungu, daktari ni mzungu, na Waturkana wanajaza uwanja.

Wapo wanaoamini kwamba uso wenyewe unatosha, na hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mfano wao bora ni wa mwaka 1968, pale George Romero alipomchagua Duane Jones kuwa shujaa wa filamu yake ya wafu wanaotembea. Nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Romero alieleza kwamba Jones alifanya vizuri kuliko wote waliojaribiwa. Hata hivyo uso wake ulibadilisha kila kitu. Anavumilia usiku mzima ndani ya nyumba, anawashinda wafu, na asubuhi kundi la wazungu wenye bunduki na mbwa linamuua dirishani likidhani, au likijiambia, kwamba naye ni mmoja wa wafu. Filamu ilianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa. Hakuna mstari wa mazungumzo unaotaja rangi yake, na hakuna mtazamaji Mmarekani aliyeuhitaji. Kwa hiyo nakubali: uso unaweza kuifanya hadithi iseme jambo ambalo mwandishi hakulipanga. Lakini hebu tujiulize kwa nini ilifaulu. Ilifaulu kwa sababu kamera ilikuwa ndani ya nyumba pamoja naye tangu jioni. Tulijua alichokijua, tukaogopa alichokiogopa, na wale wenye bunduki walipotokea tuliwaona kwa macho ya mtu aliyemo ndani. Weka uso ule ule nje ya dirisha, akija gizani kuelekea kwenye nyumba ya familia ya kizungu, na una filamu nyingine kabisa, ile ambayo tumeiona mara mia.

Kuna jambo moja kuhusu hoja ya nyuso ambalo msomaji wa Kiswahili analijua kwa sikio lake. Mwaka 2018 nilikuwa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwenye chumba cha video, viti vya plastiki na jenereta uani, siku walipoonyesha Get Out ya Jordan Peele. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 ikaingiza zaidi ya milioni 250, na Peele akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mswada wa asili. Pale chumbani mtafsiri alikuwa na maikrofoni yake kama kawaida, anamsemea kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Ukaja wimbo wa mwanzo, uliotungwa na Michael Abels, gari likipita msituni, na sauti za kunong'ona zikaanza kuimba kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Mtafsiri alinyamaza, hakuwa na la kutafsiri. Mvulana mmoja mbele akageuka nyuma kutuangalia sote, mdomo wazi, akasema: "Banamuambia akimbie!" Wahenga walikuwa wanamwonya kijana yule aliyeko kwenye gari, na yeye hasikii, na watazamaji wa Marekani hawasikii, tuliosikia ni sisi wa Katuba. Kwa saa nzima iliyofuata chumba kizima kilikuwa kinajua jambo ambalo shujaa halijui. Sijawahi kujisikia niko ndani ya filamu ya Marekani kama siku ile.

Baadaye nilipotulia nikaliona na la pili. Watu waliopelekwa utumwani Marekani walitoka hasa Afrika Magharibi na pwani ya Kongo na Angola. Wahenga wao wangemwita kwa Kikongo, Kimande au Kiigbo. Kiswahili kiliwekwa, nadhani, kwa sababu kwa masikio ya huko ndicho kinachosikika kama "Afrika". Hata jina la wimbo, mwalimu yeyote wa darasa la nne angelisahihisha: wahenga husikilizwa, hatusikilizi "kwa" wao. Silitaji hilo kuwavunjia heshima. Nia yao ilikuwa njema, na kazi yao imenigusa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha umbali uliopo kati ya kutajwa na kuulizwa. Lugha yetu ilipewa kiti cha mbele, sauti ya wafu wenyewe, na bado jina lile linanifanya nidhani mwenye lugha hakuulizwa je, hivi ndivyo mnavyosema.

Sasa nifike kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo naisikia zaidi: kwamba haya yote ni makelele, filamu ya kutisha ni burudani, pepo hana rangi wala kabila, giza linamtisha kila mtu sawasawa. Anayesema hivyo akiwa Lubumbashi amesahau alikolelewa. Mji huu una hadithi zake za kutisha zenye umri karibu sawa na mji wenyewe, ulioanza 1910 kwa ajili ya shaba. Waulize wazee wa mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya habari za batumbula. Watakuambia: usiku, watu waliotumwa na wazungu walikuwa wakizunguka mitaani, wakikukamata unapoteza sauti na akili, unafungiwa mahali, unanoneshwa, unageuzwa nguruwe, unaliwa na wazungu. Wengine waliongeza kwamba nyama iliishia kwenye makopo. Wasomaji wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanajua binamu wa hadithi hiyo: mumiani, na wazimamoto wanaonyonya damu. Nkambo yangu aliisimulia kwa sauti ya chini, hata miaka ya Mobutu, wakati aliokuwa akiwasema hawakuwepo tena, na kila alipofika kwenye mwanga wa tochi uliotangulia watu hao alikuwa akisimama kidogo, anaangalia mlango. Hadithi hizo zilivuma sana Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa, miaka ya 1940. Ni miaka ile ile ambayo Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilikuwa ikihitaji shaba nyingi zaidi kwa ajili ya vita vya Ulaya. Ni mji ule ule ambamo Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi uwanjani. Hebu aniambie mtu kwamba mtumbula hakuwa na rangi. Alikuwa na rangi, mwajiri na saa za kazi. Watu walikuwa wakitafunwa kweli, mchana, shimoni, na hadithi ya usiku ililisema hilo kwa njia ambayo hakuna bwana shamba wala mkuu wa kambi angeweza kumfunga mtu kwa kuisema. Hofu ina anwani siku zote. Anayekuambia haina, mara nyingi ni yule ambaye haijawahi kuandikwa kwa jina lake.

Na kabla mtu hajadhani kwamba nataka kila mzuka wa kizungu uwe adui na kila Mwafrika awe mwathirika, namkumbusha mamba muntu. Miaka ya 1970 ulikuwa ukiingia sebule nyingi za mji huu unamkuta ukutani, amechorwa na wachoraji wetu wa mitaani juu ya kitambaa cha magunia ya unga: nusu mwanamke, nusu samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu, mara nyingine saa mkononi. Anakupa utajiri, anakudai mtu wa nyumbani kwako. Uso wake ni wa kizungu, lakini amri zake zote ni zetu. Masharti yake tuliyaandika sisi, na aliyemtazama jioni akinywa chai yake alijua picha inazungumzia bei ya kutajirika katika nchi hii. Kwa kuhesabu nyuso, mchoro ule ungefeli mtihani. Kwa kuuliza nani anamiliki maana yake, hauna mpinzani.

Kwa macho hayo ndiyo naitazama Sinners, na ndiyo maana naona washangiliaji wanaisifu kwa sababu ndogo wakati kubwa iko mbele yao. Hadithi iko Clarksdale, Mississippi, 1932, mwaka ule ule wa White Zombie. Sijui kama Coogler alilipanga hilo, lakini mimi siwezi tena kuitazama moja bila nyingine. Ndugu pacha, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanafungua nyumba ya muziki. Mnyonya damu hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Mapema kabisa kuna tukio fupi ambalo watu hulisahau: wawindaji wa kabila la Choctaw wanafika kwenye nyumba ya wazungu wawili wakiwaonya kwamba kiumbe kibaya kimekimbilia humo. Wanapokewa kwa bunduki. Jua linazama, wanaondoka, na waliobaki ndani wanakwisha. Filamu nzima imo kwenye mlango ule. Wenye maarifa walikuja wenyewe, bila malipo, na hawakusikilizwa kwa sababu ya walivyo. Baadaye, kwenye nyumba ya muziki, anayeelewa kinachotokea ni Annie, mganga wa mitishamba na hirizi, na safari hii anasikilizwa. Masharti yake ya kujilinda ndiyo sheria ya ulimwengu wa filamu. Hakuna profesa anayekuja kuyathibitisha. Na mnyonya damu mkuu, Mwairish, si shetani mtupu. Anakumbuka walioichukua ardhi ya baba yake na kuwalazimisha kusali sala zao. Anachowapa watu weusi ni undugu wa kweli, kwa sharti kwamba kumbukumbu zao ziwe zake. Mtu wa Katanga haelezwi zaidi ya hapo.

Annie anaigizwa na Wunmi Mosaku, aliyezaliwa Nigeria na kukulia Uingereza. Miaka mitano kabla yake, katika His House ya Remi Weekes, mwanamke huyo huyo aliigiza mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyepewa na serikali nyumba chakavu Uingereza, na ndani ya kuta zake kuna apeth, mchawi wa usiku wa Wadinka, aliyewafuata toka kwao kudai deni. Mtu wa kuhesabu nyuso anaweza kulalamika, na kwa haki yake, kwamba wahusika ni Wasudani Kusini na waigizaji wakuu wawili wana asili ya Nigeria. Mimi hilo linanisumbua kidogo, lisingenikosesha usingizi. Kinachonishika ni kwamba katika filamu zote mbili yeye ni mke anayejua jambo ambalo mumewe hataki kulijua, na hadithi inampa haki. Maofisa wa Kiingereza wanaona kuta zilizotobolewa. Yeye anaona deni. Filamu iko upande wa anayeona deni, na mwishoni mizimu haifukuzwi. Wanajifunza kuishi nayo. Padre mwenye msalaba asingeweza kuutoa mwisho huo.

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema: basi jawabu ni jepesi, tutengeneze za kwetu. Pesa zetu, waigizaji wetu, mapepo yetu. Hapo ndipo nalazimika kwenda polepole, kwa kuwa jambo hilo limeshafanyika. Tangu mwaka 1992, Living in Bondage ilipoanzisha biashara kubwa ya video Nigeria kwa hadithi ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, Waafrika wametengeneza maelfu ya hadithi za ulozi kwa ajili ya Waafrika. Kinshasa nayo imejaza televisheni michezo ya pepo na maombi. Ukihesabu nyuso, huo ni ushindi kamili: hakuna mzungu hata wa kubeba mkoba. Na nyingi kati ya kazi hizo zina haki ya kuheshimiwa. Zilisema juu ya tamaa ya fedha mambo ambayo magazeti yaliogopa. Lakini tazama kamera inakaa wapi. Inaingia na mchungaji. Inapita naye mlangoni, inamkuta bibi kizee, au mke asiye na mtoto, au yatima aliyeletwa kulelewa, na filamu inatuthibitishia kwa picha, kwa moshi na macho mekundu, kwamba aliyeshutumiwa alikuwa mlozi kweli. Filamu moja ya Nigeria ya mwaka 1999 iliwaonyesha watoto wakila nyama ya watu usiku, na watetezi wa watoto wameilaumu tangu wakati huo kwa kuchochea mateso ya watoto halisi. Hapo uso mweusi haukumsaidia yeyote. Anayeogopwa ni yule yule aliyekuwa hana jina kwenye kiwanda cha sukari: mnyonge kuliko wote chumbani.

Nayasema haya katika nchi ambayo Katiba yake ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kwa maneno yake yenyewe kumshutumu mtoto ulozi. Nchi ngapi zimelazimika kuliandika hilo kwenye katiba? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikaongeza, kifungu cha 160, kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3 na faini ya faranga 200,000 hadi milioni 1 kwa anayemshutumu. Sheria hizo hazikutoka hewani. Zilitoka kwenye watoto wanaolala sokoni na vituo vya mabasi baada ya mjomba kupoteza kazi na mtu fulani kanisani kusema mtoto ndiye sababu. Kwa hiyo mama anayeniambia "hayo mafilamu ya ulozi usiniletee ndani" simcheki wala simwiti mshamba. Anajua kitu ambacho mchambuzi wa Los Angeles hahitaji kukijua: picha ya mlozi ikionyeshwa usiku, asubuhi kuna mtu mtaani anayefanana nayo. Ninapotofautiana naye ni kwenye dawa. Kunyamaza hakujawahi kumwokoa mtoto yeyote. Shutuma huzaliwa hata kwenye nyumba isiyo na televisheni. Kinachoweza kusaidia ni hadithi inayomtisha mtazamaji kwa upande wa pili, ikamweka mwilini mwa anayegongewa mlango.

Tunayo moja, na imetoka kwetu. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mdogo, akawa mwanamuziki, kisha mwaka 2023 filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ikaonyeshwa Cannes na kupata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Ndani yake Koffi anarudi Kongo na mchumba wake mzungu kutambulisha mimba. Damu inamtoka puani juu ya mtoto mchanga wa familia. Basi, ni mlozi, na alama aliyozaliwa nayo inatolewa kama ushahidi. Filamu inafuata watu wanne walioitwa walozi, na muda wote inakataa kutuambia kama ulozi upo au haupo. Uchawi wote mzuri wa picha zake, mavazi, moshi wa rangi, vijana wa mtaani waliovaa magauni ya pinki, amewapa walioshutumiwa. Waliowashutumu amewapa nyumba na meza ya chakula. Mwandishi mwenyewe ana haki ya kipekee ya kuisimulia: msomaji wa Dar es Salaam akisikia "balozi" anafikiria mtu wa serikali mwenye bendera kwenye gari, lakini kwa Kiswahili cha hapa balozi, au baloji, ni walozi. Ameeleza zaidi ya mara moja kwamba jina lake zamani lilimaanisha mtu wa elimu, na kwamba enzi ya wamisionari na ukoloni ndiyo iliyoligeuza likawa la mchawi. Mtoto alikulia Ulaya amebeba jina ambalo kila Mkongomani akilisikia anashtuka. Filamu yake ni jibu la mtu huyo.

Hata hivyo mwaka huo filamu hiyo ilipelekwa kwenye mashindano ya Oscar kama filamu ya Ubelgiji. Kwa taratibu za fedha ilikuwa halali, na sina ugomvi na Wabelgiji walioisaidia. Lakini kwenye jambo hilo Sinners inatufundisha somo ambalo mashabiki hawalishangilii: Coogler alijadili mkataba ambao baada ya miaka 25 utamrudishia yeye umiliki wa filamu. Alijua kwamba hadithi ya kiumbe anayekula nyimbo na kumbukumbu za watu haiwezi kuachwa mikononi mwa wengine milele. Enzi ya ukoloni, Mwafrika wa mji huu hakuruhusiwa kutazama filamu ambayo haikupitishwa kwa ajili yake. Leo tunatazama kila kitu, kwa simu, kitandani, na bado orodha ya vinavyotengenezwa na bendera vinavyovaa inaamuliwa mbali. Kila ninapoona biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yaliyoanzishwa na mpiga picha Sammy Baloji (si yule wa Augure) na wenzake mwaka 2008, ikijaza watu wanaotaka kuona picha zilizopigwa na vijana wa hapa, nashawishika kwamba macho tunayo. Tunachokosa ni wazalishaji wanaokubali kwamba Kiswahili cha Katuba kinaweza kubeba hofu bila kutafsiriwa kwanza kwenda Kifaransa, na watu wenye subira ya kukaa na wazee kuandika habari za batumbula kabla hawajaondoka nazo.

Wapo walioanza. Kijana mmoja wa Ruashi, mtaa mwingine wa hapa mjini, alinitumia mswada wake mwezi uliopita, dakika 12, atapiga kwa simu. Mama mzee anaishi na mjukuu. Watoto watatu wa jirani wameugua. Jioni watu wanakuja. Katika nakala ya kwanza tuko barabarani na umati, tunasukuma mlango nao, na ndani tunamkuta mzee amekaa gizani, anatisha. Nikamwomba jambo moja tu: aihamishie kamera ndani. Tukae na mama yule tangu saa kumi, tumwone anachambua sombe, anamkaripia mtoto kwa kumwaga maji, anasikia sauti moja nje, kisha mbili, kisha tochi inapita chini ya mlango. Kijana alinijibu usiku huo huo: "Yaya", ndivyo hapa tunavyomwita mkubwa wetu, "sasa naogopa kweli." Aliiandika upya kwa siku nne, na nakala ya pili sikuweza kuisoma nikiwa peke yangu nyumbani. Mjukuu ana mistari miwili tu. Mwanga wa tochi una zaidi.

Kilichomkwamisha ni kingine. Amewaendea akina mama watatu wa makamo ya mhusika, wote wenye uzoefu wa maigizo ya kanisani na redioni. Wa kwanza alisema ana safari. Wa pili alitaka kujua filamu itaonyeshwa mtaa gani, akaambiwa Ruashi, akarudisha karatasi. Wa tatu aliusoma mswada wote mbele yake, akalia, akamwambia ni kazi nzuri na kwamba Mungu ambariki, lakini yeye ni mjane, anaishi na wajukuu wawili, na majirani wakishamwona kwenye simu zao amekaa gizani na watu wakimwita mlozi, nani atawaeleza kwamba ilikuwa filamu. Kijana hakuwa na jibu la kumpa. Anaendelea kutafuta.